Taulo Mbili

Feri iliondoka Nakiwogo saa nane,
nami nina mfuko mmoja, gauni tatu,
na mkasi niliousahau ndani ya kipochi.
Mkono wa fundi hauendi popote mtupu.

Januari nzima nimeshona sare:
kaptura za kijivu mia mbili na kumi,
marinda ya sketi hadi macho yakaona marinda
ukutani, kwenye posho, kwenye paji la uso la mteja.
Februari wakanilipa, wengine nusu, wengine ahadi.
Nikaifunika cherehani shuka kama mgonjwa,
nikawaambia majirani wa Bombo: naenda Kalangala.
"Kuna msiba?"
Hakuna.
"Basi harusi."
Hakuna. Naenda kukaa.

Pale Lutoboka, Nakibuuka wa mapokezi
alichungulia nyuma yangu kama anayehesabu kuku.
"Watu wangapi?"
Mmoja.
"Mwenzio anakuja na feri ya kesho?"
Mwenzangu ni huyu, nikasema, nikaligusa goti
linaloniuma tangu mwaka wa kanyagio bovu.

Akacheka. Lakini alikuwa amekwisha kutandika:
taulo mbili kitandani, zimekunjwa kama bata,
vikombe viwili, malapa jozi mbili,
na mto wa pili, mweupe, ukisubiri maelezo.

Usiku wa kwanza nililala ukingoni
kama nilivyolala miaka kumi na saba,
nikimwachia nafasi mtu
ambaye sasa anakoroma Masindi, kwa mwingine.
Mvua ikaja usiku wa manane juu ya mabati,
ikamwaga kokoto zake zote, ikakatika ghafla
kama msemaji aliyesahau jina la bwana harusi.
Nikasogea katikati.
Kitanda hakikulalamika.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetandazwa
kama kitambaa kabla ya chaki.
Mimi, ambaye kila nguo naiona kwa mkato wake,
nilikaa mchangani nisione pa kukata.
Hondohondo wawili waligombana mtini
kama wapangaji wanaodaiana umeme.
Tumbili akaniibia chapati,
akaila palepale, ananitazama,
nami nikajiona mimi ndiye niliyemwingilia mezani.
Sami, wale wadudu wa ziwani, wakapanda toka majini kama moshi,
wakatua kwenye chai. Nikainywa hivyohivyo.

Maji haya hayana chumvi.
Niliyaonja ili nihakikishe.
Ukilia humu, ziwa litajua.
Kwa hiyo sikulia.
Au nililia kidogo, mbali na ufuko, kwenye michikichi,
ambako miti imepangwa mistari iliyonyooka
kuliko mshono wangu wowote,
na hakuna anayevaa.

Siku ya tatu simu iliishiwa chaji. Sikuiuliza kitu.
Nikaagiza ngege mzima, kichwa na mkia,
vidole vikinuka limau.
Nikafika kwenye shavu, ule mnofu mdogo laini,
mkono ukaanza kuupeleka ng'ambo ya meza
kabla sijauita urudi.
Sijui nani alinifundisha kwamba shavu la samaki
ni la mtu mwingine.
Ni tamu, jamani.

Nakibuuka akaja kuondoa taulo ya ziada.
"Naona kweli hamkuwa wawili."
Iache, nikamwambia.
Moja ni ya mwili.
Hii nyingine naikalia
nikitazama maji yanavyofika,
yanarudi, yanafika tena,
na hayajaniletea kipimo cha kiuno cha mtu.

Leo feri inarudi, saa mbili asubuhi.
Bombo wataniuliza nimeleta nini.
Mchanga upo kwenye pindo la gauni la bluu;
lile pindo nililishona mwenyewe, kwa haraka,
likabaki na mfuko mdogo usiokusudiwa.
Sitaukung'uta.
Mkasi bado umo kipochini,
umeshika kutu kidogo kwenye ncha.
Nitaunoa Jumatatu.
Au Jumanne.